Kiwanja cha Mfyatua Matofali

Mama Tanuru alitoka nje kumwaga majivu, na aliporudi alikuta jiko limeondoka. Mlango ulikuwepo, umesimama na fremu yake kama kawaida, ila nyuma yake hapakuwa na kitu, hewa tu, na chini kabisa ndani ya shimo la udongo sufuria ya chai ilikuwa imelala kifudifudi juu ya kifusi, bado inatoa mvuke. Hakupiga kelele. Alisimama na beleshi lake mkononi, akamwita mumewe kwa sauti ile ile anayomwitia chakula.

“Baba watoto, njoo uone shimo lako lilipofika.”

Lilikuwa shimo lake kweli, hakumsingizia. Mumewe alikuwa mfyatua matofali, na watu walikuwa wamemwita Tanuru kwa muda mrefu kiasi kwamba vijana wa siku hizi walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alirithi kwa baba yake shamba la haja, limelala kwenye mteremko mpole kati ya barabara ya vumbi na bonde lenye matete. Baba yake alilima humo mahindi na maharage, akalea watoto, akafa. Tanuru alilima msimu mmoja tu. Jembe lilipopita ule udongo mweusi wa juu lilikutana na udongo mwekundu unaonata, ukiukanda unakandika, ukiuanika haupasuki, na kijana aliyekuwa akitafuta njia ya kuepuka palizi akaona mlango wake umefunguka. Akachonga kalibu ya mbao, akafyatua tofali la kwanza, na mahindi yakaishia hapo.

Usidhani alikuwa mvivu. Kazi ya matofali inakula mwili kuliko kulima. Unachimba, unamwagia maji, unakanyaga tope mpaka nyayo zinapasuka, unafyatua ukiwa umeinama, unageuza moja moja juani, unapanga tanuru, unalikandika, unachoma kwa magogo, na likishapoa mgongo nao umekwisha. Tanuru aliifanya kazi hiyo kwa moyo, na alikuwa mwaminifu, tofali lake halikumvunjikia mtu mkononi. Zahanati ile ya njia panda, kuta zake ni shamba la Tanuru. Madarasa ya shule ni shamba la Tanuru. Nyumba ya mwalimu mkuu mstaafu, yenye baraza na madirisha ya vioo, ni ule upande uliokuwa na migomba ya marehemu baba yake. Kila aliyekuja na mkokoteni aliondoka na kipande cha shamba, na hakuna aliyeliona likiondoka, hata mwenyewe. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Na yeye je? Yeye alikaa katika nyumba ya miti iliyokandikwa udongo, ile ile aliyomwolea mkewe. Mganga hajigangi, watu walimtania, naye alicheka pamoja nao. Kila alipowasha tanuru alimwambia mkewe, hili ni letu. Halijapoa vizuri, anatokea mtu mwenye shida kuliko wao: huyu nyumba imemwangukia, huyu anamwoza binti na hajui wageni watalala wapi, huyu amekodi mkokoteni na hawezi kurudi mikono mitupu. “Tanuru lijalo, mama watoto,” ndiyo ilikuwa kauli yake. Mkewe aliuliza miaka ya mwanzo. Baadaye akaacha kuuliza, na mwanamume huyu, kwa ujinga wetu wanaume, alidhani kuacha kuuliza ni kuridhika.

Katika nyumba hiyo walizaa watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, sasa ni fundi wa majokofu mjini. Wa pili, wa kike, homa ilimchukua angali shule ya msingi, wakamzika kwenye kona ya juu ya shamba, upande ambao Tanuru hakuwahi kupeleka jembe. Mama yake alipanda ua wa mimea kulizunguka kaburi, na ndiye aliyekuwa akipanda kule juu kuupunguza. Tanuru hakupenda kwenda. Si kwamba alikuwa amesahau.

Shimo lenyewe lilianzia mbali, kule bondeni. Lakini udongo mzuri una mshipa wake, na mshipa huu ulikuwa unapanda mteremko kuelekea nyumbani. Tanuru aliufuata tu. Kila mwaka alijiambia kwamba bado pana nafasi. Ufa wa jiko aliuona mapema, akauziba kwa tope, akaona ametimiza methali, akarudi kuchimba chini yake.

Siku hiyo jiko lilipoondoka, mkewe alimpigia simu kijana wao, akamweleza mambo yalivyo bila kuongeza chumvi. Kijana akataka kusema na baba yake. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Tanuru kuliko kugombezwa. Alisema nyumba ile haitavuka mvua zijazo. Mama kifua kinambana, nyonga haimpi nafasi, na sasa hata usingizi hana, anakaa anasikiliza ukuta.

“Baba, tafuta kiwanja hapo hapo shambani,” alimaliza. “Wewe na mama mchague mnapopapenda. Simamisha kuta, mabati nitaleta mimi.”

Basi wakaenda kuchagua kiwanja. Mama Tanuru alitangulia na mkongojo wake, mumewe nyuma na mtaimbo begani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi walikuwa na furaha kidogo, maana kuchagua mahali pa kujenga kuna utamu wake hata ukiwa umechelewa. Mama alitaka mlango utazame barabara, awe anaona wapitao. Alitaka chumba cha kulala kisipigwe na jua la jioni. Jiko alilitaka mbali na kitanda, moshi usije ukamkuta amelala. Tanuru alikubali yote. Kwa ahadi hakuwa mchoyo.

Kando ya barabara palikuwa tambarare, nyasi fupi, pazuri kwa macho. Tanuru akasema ni hapa. Mkewe akatikisa kichwa.

“Hapa ndipo ulipotoa matofali ya zahanati. Ukapafukia kwa majivu na vipande.”

“Siyo hapa. Ilikuwa kule chini.”

“Piga mtaimbo.”

Akapiga. Mtaimbo ukazama mpaka mkononi kama umechomekwa kwenye uji, na alipouchomoa ulitoka na majivu. Wakasogea. Karibu na kisiki cha mwembe uliokufa ilikuwa hivyo hivyo. Nyuma ya kibanda cha kuanikia ilikuwa afadhali kidogo, kisha chuma kikagonga maji. Mama Tanuru hakuhitaji kuona chuma. Alikuwa anakumbuka kila shimo kwa kilichotokea nyumbani mwaka huo: hapa nilikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza, hapa ndipo ulipovunjika kidole, hapa tulikula maboga mpaka watoto wakayakimbia. Tanuru alikumbuka matofali tu, yalikwenda kwa nani.

Jua lilipofika utosini walikuwa wamezunguka kote. Ardhi yote ile iliyoonekana ni ardhi ilikuwa kifuniko. Mama aliketi juu ya rundo la vipande, akajisugua nyonga.

“Kwa hiyo hatuna shamba,” akasema. “Tuna mashimo yaliyoota nyasi.”

Tanuru alicheka, akidhani anatania. Alipoona anacheka peke yake akanyamaza.

Kesho yake alivaa shati safi, akaenda kwa mwalimu mkuu mstaafu kuomba kipembe cha shamba lake, huko nyuma ambako hakulimwi. Alikuwa tayari kumjengea uzio mzima kwa mikono yake kama shukrani. Mwalimu alimpokea vizuri, akamkalisha barazani, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka akavua miwani. “Tanuru, ndugu yangu,” akasema, “nikikupa kiwanja leo, mwakani nitakuwa nafuga samaki.”

Tanuru alicheka naye, maana ndivyo mgeni anavyofanya. Akaenda kwa mwenye duka la vipuri, halafu kwa jirani wa bondeni, na kote alikutana na mzaha ule ule uliovaa nguo tofauti. Jirani wa bondeni hakutaka kumdanganya. Alisema mke wa Tanuru angempa kiwanja kesho asubuhi bila wasiwasi, lakini Tanuru mwenyewe, hapana, samahani, mkono wake unajulikana. Alipokuwa anarudi nyumbani ndipo alipoelewa kwamba maneno yale hayakutungwa siku ile. Watu walikuwa wakiyasema miaka yote, barazani kwao, wameegemea kuta zake. Iliuma. Alitembea akiwa ameinamisha uso, mtu mzima na mvi zake.

Palibaki mahali pamoja. Wote wawili walikuwa wanapajua, na hakuna aliyepataja.

Tanuru alipanda kule juu siku ambayo mkewe alikwenda zahanati kuchukua dawa ya kifua. Alijiambia anakwenda kuangalia tu. Kona ile ilikuwa kubwa kuliko alivyoikumbuka, ilitosha nyumba na uani kwake, na kaburi la mtoto lilikuwa pembeni kabisa, ndani ya ua wake wa mimea, halimzuii mtu. Alipiga mtaimbo. Chuma kikaingia kidogo, kikagoma. Akapiga pengine, kikagoma. Akasimama, akatazama, akaona barabara yote mpaka njia panda, akawaza kwamba mama watoto angeweka kigoda hapa na angewaona wapitao wote. Mpaka hapo alikuwa mume anayemtafutia mkewe mahali pa kulala, na hakuna wa kumlaumu.

Kilichomponza ni mkono. Uliinama wenyewe, ukachukua donge kutoka kwenye tundu la mtaimbo. Akalitemea mate, akalifikicha kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akalivuta likawa kijiti chembamba, akakipinda. Hakikukatika. Akakigusisha ulimi. Huu ulikuwa udongo bora kuliko wowote aliowahi kushika. Ule mshipa aliokuwa akiufuata kupanda mteremko maisha yake yote ulikuwa unatoka hapa. Uso ukamlainika, furaha ikamjaa, ile furaha ya fundi aliyepata kitu chake.

Alipoinua macho mkewe alikuwa amesimama kando ya ua, mfuko wa dawa mkononi.

“Unafanya nini?”

“Napima ardhi, mama watoto. Nataka nijue kama itabeba msingi.”

“Msingi unapimwa kwa ulimi?”

Akaficha mkono nyuma, mzee mzima.

“Nimekuona ukitabasamu,” akasema mkewe. Hakuwa amepandisha sauti. “Umesimama kichwani kwa mwanangu, umeonja udongo wake, ukatabasamu.”

“Sikuwa na nia mbaya.”

“Najua. Hujawahi kuwa na nia mbaya hata siku moja. Ungekuwa nayo ningejua pa kukushika.” Alimeza mate, akashika kifua. “Mimi nakwenda kwa dada. Ukipata mahali pa kunilaza pasipokuwa na shimo, uje uniite. Usipopata, usije.”

Dada yake alikuwa mjane, akikaa ng’ambo ya kilima cha pili. Mama Tanuru alifunga nguo zake kwenye kanga, akachukua dawa na mkongojo, akaondoka wala hakufunga mlango. Tanuru alimfuata mpaka barabarani akimwomba abebe ule mzigo. Hakumpa.

Waliomjua Tanuru wanasema miezi ile aliyoachwa peke yake ndiyo aliyofanya kazi kuliko miezi yote ya maisha yake, na hawakosei. Alikuwa na wazo moja tu kichwani, kwamba nyumba ikisimama mke atarudi. Alichagua kiwanja hapo juu, hatua kadhaa kutoka kaburini, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Hilo mkewe hakulikataza, alijiambia, alikataza shimo. Akapiga vigingi, akavuta kamba, akachimba msingi mwembamba, na udongo uliotoka kwenye msingi akaufyatua.

Haukutosha, bila shaka. Kuta hazijengwi kwa udongo wa msingi. Huko chini mashimoni alikuwa amekwisha fika kwenye mchanga mweupe, na mchanga haukandiki. Ikambidi aongeze kidogo kutoka upande wa mteremko, mbali na mtoto. Halafu kidogo tena, kwa upande wa pili. Alipofika karibu na ua wa mimea alisimama, akapima kwa kamba, akaacha kipande cha heshima kila upande, akaapa kwamba hapo jembe halitavuka. Na halikuvuka. Lilizunguka tu. Kila jioni alilisafisha kaburi kwa ufagio, akamwagilia ile mimea, akaongea na mtoto maneno mawili matatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu azikwe. Siku hizo alijiona baba mwema. Ukimwambia leo kwamba alikuwa akifanya jambo baya atakushangaa, maana alilifanya kwa upendo mtupu, na jembe likiwa mkononi.

Alichoma tanuru, likawaka vizuri. Akajenga kwa tope la udongo ule ule, chumba cha kulala upande usio na jua la jioni, jiko mbali na kitanda, mlango ukitazama barabara. Kuta zilipopita madirisha alimpigia kijana simu alete mabati. Kisha akaoga, akavaa lile shati lake safi, akavuka vilima viwili kwenda kumwita mkewe.

Shemeji yake ndiye aliyemfungulia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia kwamba siku ile moshi wa tanuru ulipoonekana, dada yake alisimama uani akiutazama, akawa anauliza swali moja tu, udongo ameutoa wapi. Tanuru alisema watauona wenyewe, ni udongo mzuri sana. Shemeji akamtazama usoni kama anayetafuta kitu, hakukiona, akaenda kumwita dada yake.

Njiani Tanuru alizungumza yeye peke yake. Alieleza madirisha, alieleza jiko. Mkewe alikuwa amekonda, akisimama kila baada ya muda ili apumue, na safari hii alikubali abebewe mzigo. Tanuru alilichukua hilo kama jibu. Moyo wake ulikuwa mwepesi sana, maskini.

Walipofika juu, nyumba ilikuwa imesimama, nyekundu, mistari yake imenyooka, na ilikuwa nzuri kweli. Mama Tanuru hakuitazama. Alikuwa anatazama pembeni yake. Pale palipokuwa na kona ya shamba, sasa palikuwa na shimo linalomzidi mtu kimo, na katikati ya shimo ilisimama nguzo ya udongo, pana, imechongwa wima pande zote, na juu yake kulikuwa na kaburi la mwanawe na ua wake wa mimea uliomwagiliwa vizuri. Kutoka ukingoni mpaka kaburini Tanuru alikuwa ametandika ubao.

“Sikumgusa,” akasema haraka. “Nimeacha nafasi kila upande, nimepima kwa kamba. Sikumgusa hata kidogo.”

Mkewe alizunguka ukingo wa shimo polepole, akichomeka mkongojo kwanza kabla ya kukanyaga. Alizunguka mpaka akarudi alipoanzia.

“Umenyoosha vizuri,” akasema. Kisha akasema, “Na mvua ikinyesha?”

Hakuna mtu nchi ile aliyekuwa na jibu la swali lile kama Tanuru. Ukuta wa udongo uliochongwa kiangazi unasimama, unaweza hata kuuegemea. Mvua kubwa za kwanza zikija unakunywa maji, unakunywa tu, halafu siku moja unalala chini wote kwa pamoja, na kilicho juu yake kinakuja nao. Alikwisha kuona kuta kama hizo zikilala, ule wa jiko lake ukiwa mmojawapo. Alikuwa anajua hata huu utalalia upande gani. Amechimba miezi yote ile akijua, na hakujua kwamba anajua, mpaka mwanamke huyu alipouliza.

“Utaporomoka,” akasema.

“Rudisha udongo.”

“Upi, mama watoto? Udongo wote umekwisha. Uko pale.” Akaonyesha nyumba.

Ndipo mkewe alipoitazama nyumba kwa mara ya kwanza. Aliyatazama madirisha, akautazama mlango ulioelekea barabarani, akatazama upande ambako kitanda chake kingekaa. Machozi yalimjaa machoni, na hakuyafuta.

“Basi upo,” akasema.

Akaenda mpaka ukutani, akaweka mkongojo chini, akashika tofali la juu kwa mikono miwili, akalitikisa. Tope lilikuwa bado changa. Likatoka. Alilibeba akiliegemeza tumboni, huku akichechemea, mpaka ukingoni, akaliweka chini, akarudi kuchukua jingine. Tanuru alitaka kumzuia. Alinyoosha mkono, akaona ni ule ule mkono, akaurudisha. Kisha akavua shati lake safi, akashuka shimoni.

Walijenga kuanzia chini. Tanuru alipanga matofali kuizunguka ile nguzo, ukuta mnene ulioinamia ndani kidogo ili usukume, akijaza vipande kwenye kila mwanya. Mkewe aliketi ukingoni na kumpokeza moja moja. Usiku walilala ndani ya kuta za nyumba chini ya turubai la kufunikia tanuru, na kila kukicha kuta hizo zilikuwa fupi zaidi. Siku moja, wakati wanakula mihogo, mkewe alimwambia bila hasira kwamba kazi hii ikiisha anarudi kwa dada. Tanuru akasema anajua. Akamsogezea kipande kikubwa, mkewe akakila, na kikohozi kikamshika tena kwa muda mrefu. Tanuru alimshika mgongo mpaka kikapita. Hakukuwa na jingine la kumfanyia.

Kijana aliwasili na mabati mchana, juu ya lori dogo la kukodi, huku wingu limekwisha kufunika bonde lote. Aliruka chini kabla gari halijasimama vizuri. Aliona msingi, vipande viwili vya ukuta na fremu ya mlango inayotazama barabara. Akaenda mpaka ukingoni, akamkuta baba yake ndani ya shimo, tope mpaka kifuani, na mama yake ameketi na tofali mapajani.

“Baba, uliniambia kuta zimepita madirisha,” akasema. “Nyumba iko wapi?”

Tanuru hakuinua uso. Mama ndiye aliyejibu.

“Nyumba ni hii, baba. Humo amelala dada yako.” Alitazama wingu. “Shusha mabati, halafu uje utusaidie. Mvua haitatungoja.”

Kijana aliwatazama wazazi wake mmoja baada ya mwingine. Kisha akavua viatu, akashuka shimoni, na mama yake akampa tofali.